Mafundi wote wameletwa na mjomba, nawapataje wengine nisiowajua?

Swali: Dada shikamoo. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Dodoma, daraja la saba, saivi tuna nyumba tatu, mbili Iyumbu na moja Nzuguni. Timu yangu ni watu 14 na karibu wote kawaleta foremani wangu ambaye ni mjomba wangu, wengi wanatoka kijiji kimoja. Mwaka jana mvua ilipoanza watu 9 waliondoka ndani ya wiki moja kwenda kulima, nyumba ya mteja ikakaa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mpaka mwezi wa pili. Nataka kuchukua watu wapya ila sijui nianzie wapi, naogopa wezi, naogopa mafundi wa maneno, na mjomba anasema mtu usiyemjua ni hasara. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu hiyo habari ya watu 9 kuondoka pamoja wengi wanaiita bahati mbaya, na mimi nataka nikutoe huko kabisa. Watu wa kijiji kimoja wana kalenda moja. Mvua yao ni moja, msiba wao ni mmoja, harusi yao ni moja, akifa mzee wa watu saiti nzima inasimama siku nne. Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, inaanza kama mwezi wa 12 inaisha wa nne, mtu asipopanda kwa wakati amepoteza chakula cha mwaka mzima, kwa hiyo wale vijana hawakukukosea, hata mimi ningeenda. Kosa ni kwamba nyumba tatu za wateja umezitegemeza kwenye mvua moja. Ungekuwa na wawili watatu waliozaliwa mjini ambao hawana shamba, au mtu wa Kilimanjaro ambako masika yenyewe yanaanza mwezi wa tatu, ile nyumba isingelala kwenye lenta miezi miwili.

Kuna hasara nyingine ambayo hujaitaja na mimi ndo naiogopa zaidi, unashindwa kumwambia mtu "vunja". Niliwahi kuwa mhandisi wa saiti kwenye hosteli ya ghorofa mbili, fundi nondo alikuwa shemeji yake foremani. Asubuhi moja napita na tepu, nakuta ringi za nguzo, zile nondo nyembamba zinazozungushia nondo kubwa, zimefungwa kila futi moja, wakati mchoro unasema sentimita 15 karibu na maungio, pale nguzo inapokutana na boriti. Nikasema zifunguliwe zote. Foremani akanivuta pembeni akaniuliza, "sasa mimi nikirudi nyumbani dada yangu nitamwambia nini?" Nilimhurumia kweli, yani mtu mzima amebanwa kati ya nguzo na familia yake. Tulifungua zile ringi, tukapoteza siku mbili, watu wanne wakaondoka kwa hasira, na waliobaki wakanisusia wiki nzima. Sasa jiulize ni mara ngapi mjomba wako ameona kitu kama hicho akanyamaza, sio kwa sababu hajui kazi, ila kwa sababu anawajua watu.

Lakini mjomba usimdharau, kuna kitu anakijua. Ukimchukua mtu aliyeletwa na mtu umechukua na dhamana yake, akiondoka na drili unajua kwa mama yake ni wapi. Hiyo dhamana ni mali na imejenga miji yetu yote hii, mimi sikwambii uitupe. Wale watu wake wazuri wabaki. Ninachokuambia ni kwamba lazima uwe na njia ya pili ya kumwamini mtu, njia inayotoka kwenye kazi ya mikono yake na sio kwenye jina la aliyemtuma. Ukiwa nayo hiyo basi mlango wa saiti yako unaweza ukaufungua kwa mtu yeyote na usiku ukalala.

Na hili nalisema kwa uchungu kidogo. Mimi nilivyomaliza chuo nilizunguka saiti tano kwa mguu nikitafuta hata kazi ya kushika tepu, na kila geti niliulizwa swali moja, "nani kakutuma?" Hakuna aliyeniuliza najua nini. Ile ya tano mzee mmoja fundi aliniambia haya ingia, soma huu mchoro uniambie msingi unashuka futi ngapi, nikamwambia, na kesho yake nikaanza kazi. Kuna vijana wangapi pale Dodoma wanazungushwa hivohivo na wewe unalia huna mafundi!

Haya, utawapata wapi. Anza na ukuta, usianze na mtu. Jumapili chukua bodaboda zunguka huko Ihumwa, Nala, Mtumba, popote kunapojengwa, na tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016 hapo mjini saiti hazikosekani. Angalia kuta ambazo bado hazijapigwa plasta, maana plasta inaficha mengi. Simama kwenye kona uangalie kwa jicho moja kutoka chini mpaka juu kama imenyooka, angalia udongo, yani mchanga na saruji, kati ya tofali na tofali kama unene ni uleule mwanzo mpaka mwisho, sio huku sentimita moja kule tatu, angalia kama viungo vya kusimama vinapishana kila kozi, yani kila mstari wa tofali. Ukikuta ukuta umekaa vizuri muulize mlinzi huu kajenga nani. Atakuambia, walinzi wanajua kila kitu. Alafu huyo fundi usimnyang'anye katikati ya kazi ya mwenzio, utajijengea jina baya, mpigie muulize anamaliza lini na ungependa mwongee akimaliza. Nimepata mafundi wangu bora watatu namna hiyo na hakuna hata mmoja aliyenijua.

Nenda VETA pia, hapo Dodoma chuo kipo, ingia ofisini jitambulishe omba kuongea na mwalimu wa uashi, wa umeme, wa bomba. Wengi wanakwenda pale kuomba wanafunzi wa fildi wa bure wa kubeba tofali, wewe usiende kwa moyo huo. Mwambie mwalimu nataka wawili wenye cheti tayari wanaotafuta kazi, na wawili wa fildi ambao nitawaweka chini ya fundi na nauli nitawapa. Mwalimu ukimtendea vijana wake vizuri mara moja tu, kila mwaka atakupigia simu mwenyewe. Vyuo vya maendeleo ya wananchi navyo usivisahau, huko kuna vijana waliojifunza uashi na useremala na hakuna anayewafuata.

Ila cheti usikifanye geti. Tuna mafundi kibao wana miaka 15 kazini na karatasi hawana, walijifunza wakiwa saidia fundi kwa mtu, na wako wenye cheti ambao hawajawahi kumaliza nyumba. Ndio maana VETA wenyewe wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa alichonacho mikononi na anapewa cheti. Ukimpata mtu mzuri asiye na karatasi msaidie aingie huko, wewe kama kampuni utahitaji hizo karatasi siku ukiomba kazi kubwa. Na anayekuletea cheti kipigie picha uulize chuo kilichotajwa, haichukui hata nusu siku.

Tangazo nalo linafanya kazi ila watu wanaliandika vibaya. "Tunahitaji mafundi wenye uzoefu, mawasiliano ni haya" halimwambii mtu kitu, fundi mzuri hawezi kuacha alipo aje kubahatisha. Andika kazi ni ipi, iko wapi, ya muda gani, malipo kiasi gani, yanalipwa siku gani, chakula kipo au hakipo. Kwa mfano: "Wanatakiwa mafundi wawili wa plasta na mmoja wa taili, Iyumbu, kazi ya wiki sita, malipo kwa siku ni kiasi fulani, yanalipwa kila Jumamosi saa kumi, chakula cha mchana kipo, siku ya kwanza ni ya majaribio na inalipwa. Wanawake kwa wanaume." Hapo kwenye kiasi fulani weka hela yenyewe, usiandike maelewano, neno maelewano linafukuza watu makini. Bandika kwenye geti la saiti yako, pale hadiwea unaponunua saruji, ofisi ya serikali ya mtaa, msikitini na kanisani, kwenye kijiwe ambako mafundi wanakaa asubuhi na ndoo zao wakisubiri kuitwa, na lipige picha uliweke kwenye magrupu ya WhatsApp. Kijiweni uende mwenyewe saa 12 na nusu, ukifika saa tatu wale wazuri wameshachukuliwa.

Mstari wa wanawake kwa wanaume sijauweka kwa ajili ya kupendeza. Saiti zetu mwanamke anaonekana anachota maji, anabeba kokoto, au ndio mama ntilie, na ukiuliza utaambiwa hawapo wanaojua kazi. Wapo, ila mafundi wanavutana wanaume kwa wanaume, kaka kwa shemeji, kwa hiyo taarifa za kazi haziwafikii. Mimi nina dada mmoja alianza kwangu anakoroga udongo, siku moja fundi taili hakuja, akasema naweza kujaribu bafu? Nikamwacha. Alipanga taili zote kavu kwanza chini bila gundi, akapima vipande vya pembeni vitakuwa na ukubwa gani, akakuta upande mmoja kitabaki kipande cha sentimita mbili, akasogeza mstari wa katikati ili pande zote mbili zibaki na vipande vinavyolingana. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa anaangalia tu miezi yote ile huku amebeba ndoo. Leo ana timu yake.

Sasa tufike kwenye siku ya majaribio, hapa ndio roho ya jibu langu ilipo. Mtu usiyemjua usimhoji sana, mpe kazi. Siku moja, kipande kimoja kidogo cha kazi ya kweli, na malipo ya siku nzima jioni yake, umchukue usimchukue. Anayesema njoo ufanye wiki ya bure tukuone huyo anaiba, na mafundi wanaambiana haraka sana.

Fundi mwashi mpe kona. Tofali kama arobaini, kamba, pimamaji, timazi ya kupimia kama ukuta umesimama wima, na saidia fundi ambaye hajaja nae. Alafu kaa mbali uangalie. Anaanza kwa kuuliza? Mtu anayechukua mwiko tu bila kuuliza udongo umechanganywa vipi na kipimo cha nyumba kinaanzia wapi, huyo mashaka. Anapanga kozi ya kwanza kavu kuona tofali zinafikaje? Kila baada ya kozi mbili tatu anarudi kwenye timazi au anasubiri mpaka ukuta ufike kiunoni ndio agundue umelala? Sasa angalia baada ya chai. Udongo ulioachwa kwenye karai umeanza kukaza, na saruji ikishakaa kama saa mbili tangu itiwe maji haifai tena kurudishwa. Mzuri atamwaga, hata roho imuume. Yule mwingine ataongeza maji, akoroge, aendelee. Anayeongeza maji kwenye karai ukiwa unamwangalia, siku ukiwa haupo ataongeza maji kwenye zege la nguzo.

Sikiliza na namna anavyoongea na saidia wake. Fundi anayetukana saidia tangu asubuhi atakukimbizia vijana wote. Na jioni, hata kama kazi ni nzuri, tafuta tofali moja ambalo kweli limekaa vibaya, halikosekani, umwambie litoe hili. Usimtungie kosa, itakuwa dhuluma. Angalia uso wake. Atakayekuambia "ni kweli bosi" akalitoa, au atakayekuambia "hapana, njoo uangalie kwa upande huu" akakuonyesha kwa timazi, wote wawili wachukue, na huyo wa pili mchukue mbiombio.

Fundi nondo muulize kitu kimoja kabla hajashika koleo, nondo ya milimita 12 ukiiunga na nyingine unazipishanisha kiasi gani. Wazoefu watakuambia futi mbili, na ndivyo, ni mara 50 ya unene wake, sentimita 60. Akikuambia "inategemea nondo zilizobaki" mshukuru kwa kuja. Kisha mpe boriti moja fupi afunge, ona kama anakumbuka vile vibiskuti vya zege vya kuinua nondo zisilale kwenye mbao. Wa umeme na bomba ni hivohivo, chumba kimoja, bafu moja, usimpe nyumba.

Kabla ya kumchukua moja kwa moja mpigie mtu mmoja aliyefanya nae kazi, swali ni moja tu, ungemchukua tena? Ukisikia kimya kirefu umeshajibiwa.

Wezi. Ntakuambia ukweli, saruji nyingi niliyopoteza kwenye maisha yangu ilichukuliwa na watu waliojulikana vizuri, kwa sababu watu wanaojulikana hakuna aliyewahesabu. Kujuana hakulindi stoo, daftari linalinda. Weka mtunza stoo mmoja ambaye hana undugu na foremani, kila kinachotoka kiandikwe na anayechukua asaini, na jioni hesabu mifuko mitupu. Ikitoka mifuko 12 asubuhi jioni nataka nione 12 mitupu imefungwa kamba, ikiwa 11 tunaongea leoleo. Nondo hesabu kwa vipande, hata vifupi. Na kila mtu anayeingia, wa mjomba na asiye wa mjomba, acha nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu wa karibu, na jina la mtaa anaokaa. Hiyo namba ya ndugu sio ya wizi tu, siku mtu akianguka kwenye jukwaa utampigia nani?

Na hapohapo waandikishe vizuri. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza kubagua mtu kwa kabila lake au anakotoka, kwa jinsia, kwa dini, na inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao mchango unatoka kwako mwajiri, yeye hakatwi hata shilingi. Mgeni hana mjomba wa kumsemea akiumia, hiyo karatasi ndio mjomba wake.

Ukishawapata usiwamwage tu kwenye saiti ukaondoka. Timu ya zamani itawapima, watawaficha toroli, watawapa saidia mzembe, watanyamaza wakipita. Usiwaweke wageni upande wao na wenyeji upande wao, changanya, fundi mgeni na saidia mwenyeji, fundi mwenyeji na saidia mgeni, ndani ya wiki mbili wanakula sinia moja. Na saiti lugha iwe Kiswahili muda wote wa kazi. Kilugha chao wanachekeana nacho wakati wa chakula, hakuna ubaya, lakini mtu akiwa juu ya mirunda na mwenzie chini akapiga kelele "ondoka hapo" kwa lugha ambayo yeye hajui, tofali halitasubiri atafsiriwe.

Usiwachukue wote kwa mpigo. Wewe una 14, tafuta wanne kwanza, na watafute kabla mvua haijaanza sio siku wale wameshafunga mabegi. Wale wanaolima kaa nao mwezi wa kumi uwaulize waziwazi nani anaenda na anarudi lini, waandikiane zamu, wengine waende wiki hizi wengine zile, mtu akijua nafasi yake inamsubiri hatakuongopea kwamba anafiwa.

Amebaki mjomba. Usimshtukize kwa kuleta sura ngeni Jumatatu asubuhi, atajiona umemvua nguo mbele ya vijana wake. Kaa nae jioni mkiwa wawili, mwambie mjomba watu wako nawataka na wewe nakutaka, ila kuanzia sasa kila mtu anapita kwenye siku ya majaribio, hata wa kwako, na wewe ndio utakayewasimamia tukitoa alama pamoja. Mtu mzima ukimpa kiti cha kupima atakaa. Muulize pia kwa upole kama kuna hela ya kuingilia ambayo vijana wanampa ili awaingize saiti, maana hiyo ipo sehemu nyingi na wakubwa ndio wanakuwa wa mwisho kujua. Akisema ipo usimgombeze, iishie siku hiyo, muongezee yeye kwenye posho ya usimamizi kama unaweza.

Na kwenye hilo tangazo weka namba yako wewe, sio ya mjomba. Simu zipokee mwenyewe wiki mbili za mwanzo, na mtu akianza tu kwa kusema ametumwa na fulani, mwambie sawa, kesho saa moja asubuhi, njoo na mwiko wako.